Nembo ya Msondo haiko kwenye karatasi: uchambuzi wa utafiti mmoja wa mwanafunzi wa ubunifu

Mwanafunzi wangu alitandaza karatasi zake sakafuni kwa sababu meza yangu haikutosha. Ilikuwa mwezi wa pili, joto la Dar es Salaam halina mjadala, na feni ikawa inapeperusha kila alichokilaza, mpaka tukakandamiza pembe kwa vitabu na kikombe. Katikati aliweka ule mdomo mwekundu uliotoa ulimi, wa Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza. Kuuzunguka akapanga nembo nyingine za muziki kutoka Uingereza na Marekani, karatasi baada ya karatasi, zote zimechapwa vizuri kwa rangi. Za Tanzania zilikuwa tano, zote za lebo za Bongo Fleva za miaka ya karibuni, na alizisogeza pembeni karibu na mlango.

Andiko lake liliuliza hivi: nembo ya muziki ikitundikwa ukutani kwenye maonyesho ya sanaa ya kisasa, inabaki kuwa nembo, au inageuka kazi ya sanaa? Ni swali zuri. Mimi nilikuwa msimamizi wake, na nilipitisha andiko lile bila kulirudisha hata mara moja. Naeleza kisa chote kwa kirefu kwa sababu kasoro iliyojitokeza baadaye haikuwa ya uvivu wala ya uandishi mbaya. Ilikuwa ndani ya swali lenyewe, na mimi pia sikuiona.

Kuanza na ulimi si kosa. Mwaka 1970 bendi ile iliomba chuo cha Royal College of Art cha London kiwape mwanafunzi wa kuwafanyia kazi, na aliyepewa ni John Pasche. Alilipwa pauni 50. Mchoro ukatoka na albamu yao ya mwaka 1971, ukaenda kwenye fulana, stika, ndege na kila kitu. Mwaka 2008 makumbusho ya Victoria and Albert ya London ikaununua mchoro wa asili kwa pauni 51,000 hivi. Kwa binti wa mwaka wa tatu anayelipa ada kwa kutengenezea watu kadi za harusi, hadithi hiyo ni kubwa: mwanafunzi mwenzake, kazi ya ujira mdogo, na mwisho wake makumbusho. Nilielewa kwa nini karatasi ile ilikaa katikati. Kutokana nayo alijenga hoja kwamba kinachoigeuza nembo kuwa sanaa ni ukuta. Ukuta wa makumbusho ukiipokea, imekwisha kuwa sanaa.

Nilimwambia aende akatafute nembo za bendi za dansi za hapa mjini ili asawazishe ile picha ya sakafuni. Nilidhani natoa ushauri mdogo wa kujaza pengo.

Akazunguka wiki tatu. Kinondoni, Magomeni, Temeke, Kariakoo kwa wauzaji wa zamani wa kaseti. Alirudi na picha za wanamuziki wamesimama mstari na suti za aina moja, vipeperushi viwili vilivyoliwa na panya, na picha moja ya ngoma kubwa ya drams yenye jina la bendi limeandikwa kwa mkono. Nembo hakuna. Alikuwa na sura ya mtu aliyefeli. Akaniomba tubadilishe mada.

Nikamuuliza wazee walimjibu nini hasa, neno kwa neno. Akafungua daftari akanisomea mazungumzo yake na mpiga tumba mstaafu, nyumbani kwake, Jumamosi asubuhi.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, kaa hapo kwenye kivuli.”

“Babu, bendi yenu ilikuwa na nembo gani?”

“Nembo ya nini tena? Sisi tulikuwa na Msondo.”

Alidhani mzee hajaelewa, akamwonyesha ule ulimi kwenye simu. Mzee akauangalia kwa makini, akamrudishia simu yake. “Hao wana mdomo. Sisi tuna Msondo. Mtu akikwambia leo naenda Msondo, umeshajua anaenda ukumbi gani, nani atapiga, na ameaga nyumbani kwamba atarudi alfajiri.”

Binti aliandika pembeni mwa ukurasa ule: “Hana kumbukumbu ya nembo.” Maneno hayo manne ndiyo kisa chenyewe. Mzee alikuwa amemjibu swali lake kikamilifu, naye akalipokea jibu kama pengo.

Tuliketi siku hiyo mpaka jioni tukilichambua jibu la mzee. Bendi ya mzee ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi cha wakati ule. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi ikawa Juwata Jazz. Ilipokuja OTTU miaka ya 90 mwanzoni, ikawa OTTU Jazz. Mwisho ikabaki kuitwa Msondo Ngoma. Mmiliki kabadilika, jina la kisheria limebadilika, vifupisho vimekuja na kwenda, lakini watu waliendelea kusema “naenda Msondo” tangu ujana wao mpaka uzee. Mbunifu yeyote anajua maana yake. Kampuni ikibadilisha jina mara tatu huwa inalipa fedha nyingi kuhakikisha wateja hawapotei, na mara nyingi wanapotea. Hapa wateja hawakupotea, kwa kuwa alama waliyoishika haikuwa jina la mwenye vyombo. Ilikuwa mtindo.

Mtindo ndilo neno ambalo halikuwemo kwenye andiko zima. Kila bendi kubwa ya dansi ilikuwa na mtindo wake wa kupiga, wenye jina lake. Mlimani Park Orchestra ilipoundwa mwaka 1978 ilikuja na Sikinde, ngoma ya ukae, jina lililochukuliwa kwenye ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa mji huu. Western Jazz walikuwa na Saboso. Msondo nao ni jina la ngoma, ile ndefu ya unyagoni. Mwanamuziki alipohama, kama Muhidin Gurumo alivyotoka Msondo kwenda kuanzisha Sikinde, alihama na sauti yake na utunzi wake, lakini mtindo aliukuta kule anakokwenda au alishiriki kuuzaa upya. Hakuubeba begani kama gitaa. Ushabiki wa Msondo na Sikinde mjini hapa ulifanana na wa Simba na Yanga, na ulibebwa na maneno mawili bila picha hata moja.

Kwa nini hivyo? Hapa ndipo utafiti ulipoanza kuwa utafiti, kwa sababu “utamaduni wetu ni wa masimulizi” ni jibu la haraka ambalo halielezi kitu, na nilimkataza kuliandika. Sababu ziko kwenye namna muziki ulivyozalishwa. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na tepu zikabaki redioni. Msikilizaji wa Tandika au wa Tabora aliupata wimbo kwa kuusikia, akiambiwa na mtangazaji ni wa nani. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho, santuri za bendi zetu zilichapwa Nairobi, nyingi zikiwa ndogo zenye wimbo upande huu na upande huu, ndani ya bahasha ya karatasi yenye alama ya kampuni ya santuri. Kava, ile sentimita 30 kwa 30 iliyowapa wabunifu wa London na New York uwanja wa kuchezea, kwa mwanamuziki wa Dar es Salaam ilikuwa kitu cha nadra. Kipato chake kilitoka ukumbini, kwenye kiingilio. Aliyehitaji kuvutiwa alikuwa mpita njia, na mpita njia alivutwa kwa bango la kitambaa lililoandikwa na fundi: siku, ukumbi, jina la bendi, na mtindo kwa herufi kubwa kuliko vyote. Bango lilikaa wiki moja barabarani, mvua na jua vikalimaliza. Ndiyo maana wiki tatu za kutembea hazikumpa kitu cha kupiga picha.

Tulipolijua hilo, zile karatasi za sakafuni nazo zikaanza kusomeka tofauti. Chukua mbwa wa His Master’s Voice, nembo ya santuri. Francis Barraud alimchora mbwa Nipper akisikiliza mashine ya sauti, na kampuni ya Gramophone ikanunua picha ile mwaka 1899 kwa sharti kwamba mashine iliyochorwa mwanzo ifutwe ichorwe ya kwao. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, akiimba Kiswahili. Binti alikuwa na mbwa yule kwenye karatasi zake tangu siku ya kwanza, amemweka kundi la Uingereza, wala hakujua kwamba nembo hiyo ina uhusiano na sauti ya kwanza ya Kiswahili kuwa maarufu kwenye santuri pwani hii. Halafu tazama picha yenyewe: ni kiumbe anayetambua sauti ya bwana wake. Mojawapo ya nembo mashuhuri kabisa za muziki inazungumzia sikio.

Au chukua Public Enemy, kundi la hip hop la Marekani. Kiongozi wake, Chuck D, alisomea ubunifu wa grafiki chuoni Adelphi, na nembo ile ya mtu aliyelengwa shabaha aliichora yeye. Watu wengi hudhani kivuli kile ni cha polisi, kumbe ni kijana wa hip hop mwenye kofia. Mwanafunzi alikuwa ameandika aya ndefu juu ya polisi wa Marekani. Nilimfutia aya yote, tukabaki na jambo la maana zaidi: aliyeibuni bendi ndiye aliyeibuni alama yake, hakuna aliyempa kazi kwa pauni 50.

Lebo za Bongo Fleva, zile tano za mlangoni, zilinifurahisha kuliko zote mara tulipozirudia. Kijana wa leo ana uwanja wa kuona ambao wazee hawakuwa nao, simu iko mkononi, na kila lebo ina nembo. Lakini muulize kijana wa Manzese wimbo huu katengeneza nani, hatakutajia nembo. Atakwambia, “Si umesikia hapo mwanzo, Ayo Laizer?” Sahihi ya prodyuza imewekwa ndani ya sauti, sekunde mbili, kabla msanii hajafungua mdomo. Alama ya Dar es Salaam bado inakaa pale ilipokuwa inakaa wakati wa Radio Tanzania.

Niseme kidogo kuhusu neno lenyewe, maana nalipenda. Tumezoea nembo kuwa ile ya taifa, au alama ya kampuni juu ya barua. Kabla ya hapo nembo ni chale za usoni na mwilini, kama walizochanjwa Wamakonde, na kwenye vinyago vya zamani unaziona zimechongwa shavuni. Chale zile zilisema mtu ni wa wapi na wa nani. Hakuna aliyezimiliki peke yake na hakuna aliyeziuza. Kwa maana hiyo ya kwanza, Msondo ni nembo kamili kuliko mchoro wowote niliowahi kulipwa kuutengeneza.

Sasa maonyesho. Upande huu wa mada alikuwa ameuacha mwisho, akidhani ni suala la kukodi ukumbi na kununua misumari. Jaribio la kwanza lilikuwa darasani: nembo za nje upande mmoja, na upande wa pili majina ya mitindo aliyoyapanga kwa kompyuta, herufi safi, nyeusi juu ya karatasi nyeupe, yote kipimo kimoja. Walikuja wanafunzi wenzake na walimu wawili. Nilikaa kwenye kiti nyuma na saa. Walisimama kwenye ulimi, wakapiga picha. Upande wa mitindo walipita kama wanaopita ukuta wa matangazo ya benki. SABOSO kwa herufi zile haikuwa na ladha yoyote. Alikuwa amechukua kitu kinachosikika, akakinyamazisha, kisha akakivalisha mavazi ya ofisi.

Nilimpeleka Nafasi Art Space, Mikocheni, mahali ambapo tangu mwaka 2008 wasanii wanafanya kazi kwenye makontena ya meli yaliyogeuzwa studio. Nilitaka aone kwamba kazi inaweza kuonyeshwa pale inapotengenezwa, katikati ya makopo ya rangi na watu wanaopita na chai. Njiani tulizungumza juu ya Wajukuu Art Project wa Nairobi, ambao mwaka 2022 kwenye documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa kule Kassel, Ujerumani, waliufunika mlango wa jengo la maonyesho kwa mabati kama ya mtaani kwao Mukuru. Hawakuchukua mabati wakayatundika ukutani kama picha. Walifanya mgeni aingie kupitia mabati. Tukazungumza pia juu ya Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar aliyesomea ubunifu wa jukwaa Uingereza na kushinda tuzo ya Turner mwaka 2017, ambaye amechora kazi nyingi kwa umbo la kanga: pindo, mji, na jina. Kanga ndiyo iliyomfungua binti. “Mwalimu,” akasema, “kanga haisomwi kama bango. Inasomwa ikiwa mwilini mwa mtu, na kila mtu anajua amevaliwa nani.” Jina la kanga linasemwa. Mtindo wa bendi unasemwa. Ukitaka kuonyesha neno linalosemwa, lazima kuwe na msemaji na msemwaji.

Tukapita pia Oysterbay, na huko tukakutana na jambo jingine, ambalo kwangu ndilo kiini cha utafiti wote. Edward Said Tingatinga alianza kuuza picha zake nje ya Morogoro Stores mwaka 1968, mraba wa hadibodi na rangi za mafuta, za kung’aa. Alifariki mwaka 1972, kazi yake ya uchoraji haikufika miaka mitano. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika, na jina la mtu mmoja likawa jina la namna ya kuchora. Leo mchoraji aliyezaliwa miaka 20 baada ya kifo chake anakwambia, “Mimi nachora Tingatinga,” kama mpiga gitaa anavyosema, “Mimi napiga Sikinde.” Yaani sanaa ya uchoraji na muziki wa dansi, katika mji mmoja, miaka inayokaribiana, zilijiwekea alama kwa njia ileile: jina la mtindo, linaloshikwa na wengi, linalopita umri wa aliyelianzisha. Mwanafunzi alikuwa anatafuta mahali ambapo muziki na maonyesho ya sanaa vinakutana, akavuka bahari kupatafuta, napo palikuwa kwenye duka la picha analolipita na daladala.

Jaribio la pili aliliandaa upya kabisa. Alimtafuta fundi wa mabango, mtu mzima wa Temeke ambaye siku hizi kazi zake nyingi zimechukuliwa na fleksi za kuchapwa, akamlipa aandike majina manne kwenye hadibodi, kwa brashi, kwa mkono ule aliokuwa akiandikia kumbi. Hakumpa mchoro wa kufuata. Kisha akawaomba wazee watatu waje wakae mbele ya mbao, kila mmoja upande wa mtindo wake. Muziki wa tepu hakuupiga. Hilo tulilijadili sana. Nyimbo zile zina wenyewe, hakimiliki chini ya sheria ya mwaka 1999 si jambo la kupuuzia kwa kuwa eti ni kazi ya shule, na barua za kuomba ruhusa zingechukua muda kuliko muhula. Wakati wa kulishughulikia hilo akagundua kitu kilichoingia kwenye ripoti yake kama sura nzima: neno moja kama Sikinde halilindwi kwa hakimiliki. Anayetaka kulilinda huenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kulisajili kama alama ya biashara au huduma, chini ya sheria ya mwaka 1986, miaka 7 kwanza, kisha kuhuisha kwa miaka 10 kila mara. Na hapo swali linauma. Mtindo ulioundwa na wanamuziki kumi wakilipwa mshahara na shirika la umma, kutokana na ngoma ya kabila, nani anaenda dirishani kuusajili? Binti hakulijibu, na nilimsifu kwa kutolijibu kwa pupa.

Siku ya maonyesho watahini walikuwa wawili. Mmoja alimuuliza moja kwa moja, “Binti, ubunifu wako wewe uko wapi hapa? Mbao kaandika fundi, maneno wamesema wazee.” Akajibu kwamba ubunifu wake ni kuamua asichore. Mtahini hakuridhika, na nadhani alikuwa na haki nusu. Kazi ile ilikosa kitu kimoja ambacho mbunifu alipaswa kukileta: mpangilio wa kumsaidia mgeni asiyejua kitu, kijana aliyezaliwa baada ya bendi hizo kupungua kumbini, ajue asimame wapi na aanze kuuliza nini. Vijana watatu waliingia, wakaona wazee wamekaa, wakaamkia, wakatoka wakidhani wameingilia kikao. Hilo lilikuwa kosa letu wote wawili. Na taarabu haikuguswa kabisa, ingawa majina ya vikundi vya taarabu na mafumbo yake yangempa nusu nyingine ya hoja. Muda haukutosha.

Lakini nilichokiona saa kumi jioni nakieleza kama nilivyokiona. Fundi wa mabango alifika amechelewa, kavaa shati la kwenda harusini. Akasimama mbele ya ubao wa MSONDO. Mpiga tumba akamwambia, “Fundi, kivuli cha herufi ulikiweka kulia. Pale kumbini kilikuwa kushoto.” Fundi akasema taa ya pale ilikuwa upande mwingine ndiyo maana. Wakabishana. Mzee wa Sikinde akaingilia kwamba watu wa Msondo hata taa hawajui ilikuwa wapi, na kelele ikawa kubwa kiasi kwamba watu walitoka madarasa ya jirani kuja kuona. Walisimama, wakasikiliza, wakauliza Msondo ni nini, wakajibiwa na watu wanne kwa pamoja. Yule mtahini alikuwa amefunga daftari lake, akalifungua tena.

Jioni tukafungasha. Ulimi wa Pasche ulikunjwa ukarudi kwenye kabrasha. Ubao wa MSONDO mpiga tumba aliuomba, na binti akaniangalia kuona kama inaruhusiwa, kwa kuwa kazi ya mwanafunzi hubaki chuoni mpaka matokeo yatoke. Nikamwambia aupige picha vizuri, mbele na nyuma, kisha ampe babu yule. Haukuingia kwenye bajaji. Ilibidi mzee aushike kwa nje, mkono mmoja umepita dirishani, herufi zimeelekea barabarani, na wakaondoka hivyo kuelekea Kinondoni.